Toa Pumzi Polepole Kuliko Unavyoivuta
Mtu mwenye wasiwasi mara nyingi huambiwa atulize mawazo kwanza, ilhali njia nyepesi zaidi ni kuanzia mwilini, kwa sababu mapigo ya moyo huongezeka kasi kidogo tunapovuta pumzi na kupungua tunapoitoa. Keti wima, legeza taya na ushushe mabega (wengi hawatambui kwamba wameyakaza hadi yanapoanza kuuma), kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4 na uitoe taratibu ukihesabu hadi 6, huku kiganja kikiwa juu ya tumbo ili ulihisi likiinuka na kushuka. Dakika 5 zinatosha. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye upumuaji wa kawaida. Zoezi hili hufaa zaidi likiambatana na kuamka saa ile ile kila siku na kutembea kwa haraka au mazoezi mengine ya wastani, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza yafikie angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima. Hata hivyo, huzuni au hofu inayodumu zaidi ya wiki 2 na kukunyima usingizi au hamu ya kula inahitaji mtaalamu wa afya, wala zoezi la pumzi halichukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa.