Kuwafuatilia watoro wa utumwa Marekani wakati nyaraka zimefungiwa

Janga likifunga vyumba vya kusomea nyaraka, mtafiti wa historia ya watoro wa Marekani hukosa mafaili ya mahakama, daftari za magereza na barua za familia. Magazeti hayakosi. Mwenye mtumwa aliyetaka mtu wake akamatwe ilimbidi amtangaze hadharani: jina, umri, kimo, makovu, hata namna yake ya kuzungumza. Matangazo hayo yamepigwa picha kwa maelfu na yanasomeka bure kwenye intaneti.

Anzia Freedom on the Move, hazina ya matangazo ya watoro iliyo Chuo Kikuu cha Cornell, kisha uingie Chronicling America, mkusanyo wa magazeti wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Usitangulize jina la mtoro. Watoro walibadili majina ili wasinaswe, kwa hiyo jina ndilo uzi unaokatika mapema. Tafuta kwa jina la mwenye mtumwa, kwa kaunti na kwa mwezi.

Chukua Harriet Tubman, mtoro mashuhuri aliyekuja kuwaongoza wengine kutoroka. Tangazo la kumsaka lilitolewa na Eliza Brodess wa kaunti ya Dorchester, Maryland, nalo lina tarehe 3 Oktoba 1849. Ukiandika “Harriet” hulipati, maana humo anaitwa Minty, mwenye miaka 27 hivi, na ametajwa pamoja na kaka zake Harry na Ben. Ukiandika “Brodess” linajitokeza. Tangazo lenyewe linasema waliondoka 17 Septemba, yaani siku 16 nyuma. Ndiyo maana, hata ukiijua siku ya kutoroka, pekua magazeti ya wiki 8 zinazofuata. Zawadi ilikuwa dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo, dola 50 akikamatwa ndani yake. Nakili viwango vyote viwili, kwa sababu vinaonyesha uzito wa kuvuka mpaka. Tena safari hiyo haikufika popote: kaka zake waliingiwa na hofu wakarudi naye, na baadaye akaondoka peke yake. Tangazo huthibitisha kuondoka. Kufika kunahitaji ushahidi mwingine.

Utafutaji ukikupa sifuri, shuku kwanza macho ya kompyuta, yaani programu inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi. Katika magazeti ya kabla ya 1800, herufi s ndefu, umbo la zamani la s, husomwa kama f, hivyo “absconded” (alitoroka) hugeuka “abfconded”. Neno “ranaway” (alikimbia) mara nyingi lilichapwa bila nafasi katikati. Jaribu pia “committed” (amewekwa kizuizini) pamoja na “jail” (gereza): hayo ni matangazo ya walinzi wa magereza kuhusu watu waliokwisha kukamatwa, na hukuonyesha mtoro alifika wapi kabla ya kunaswa. Maneno yakigoma yote, fungua kurasa za toleo zima usome kwa macho. Inachosha, lakini ndipo wengi wasiojulikana wanapopatikana.

Kwa upande wa kufika kuna daftari mbili zilizopigwa picha: ya William Still, karani wa ofisi ya wapinga utumwa Philadelphia aliyewapokea watoro, ya miaka ya 1852 hadi 1857, na ya Sydney Howard Gay, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa New York, ya 1855 na 1856. Still aliandika jina la zamani, jina jipya, umri, alikotoka mtu na nani alimmiliki. Alijua thamani ya maelezo hayo: mwaka 1850, akimhoji mgeni ofisini, aligundua kuwa ni kaka yake wa damu, Peter. Linganisha jina la mmiliki katika daftari na jina lililo chini ya tangazo.

Sensa za watumwa za 1850 na 1860 zina safu ya watoro, ila watumwa wenyewe karibu wote hawakuandikwa majina. Umri ulikadiriwa, kwa hiyo usimtambue mtu kwa umri na jinsia peke yake. Dai mambo matatu yanayokubaliana, mojawapo likiwa mmiliki.

Hifadhi picha ya ukurasa, si kiungo tu. Katika jedwali lako weka gazeti, mji, tarehe, ukurasa, safu, mmiliki, majina yote, tarehe ya kutoroka na tarehe ya kuchapwa, hizi mbili kila moja mahali pake. Tangazo moja lilirudiwa wiki baada ya wiki. Asiyetenganisha tarehe huhesabu mtu mmoja mara nne. Kovu la mjeledi likitajwa, linakili neno kwa neno: ni ushahidi ambao mmiliki aliutoa dhidi ya nafsi yake.

Baadhi ya picha za FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, hufunguka ndani ya vituo vyao tu, navyo hufungwa wakati wa janga. Ziorodheshe kando. Kwa karatasi ambazo hazijapigwa picha, mwandikie mtunza nyaraka ombi la kitu kimoja, ukitaja mkusanyo, namba ya boksi, jalada na miaka. Ombi la “chochote kuhusu watoro” haliwezi kushughulikiwa na mfanyakazi anayeingia ghalani kwa zamu.