Kikao cha maafisa ustawi wa jamii wenyewe kwa wenyewe, namna ya kukifanya kifundishe

Huku halmashauri unakuta maafisa ustawi mko wachache, bosi yuko bize na bajeti, mtu wa kukuuliza ile kesi imekukalia vipi hayupo. Basi kaeni wenyewe mtafakari kesi zenu. Wanne mpaka sita mnatosha, changanyeni hata na wa hospitali, mara moja kwa mwezi, mmoja ashike saa na simu zizimwe.

Siku moja kesi moja, mbili zikizidi sana. Mwenye kesi anaeleza dakika kumi hivi, hataji jina wala kijiji, na kwenye wilaya ndogo ukisema tu "yule mama wa mapacha" ushamtaja tayari, kwa hiyo badilisha.

Sasa hapa ndo penye kazi. Akimaliza, hakuna ushauri. Narudia, hakuna ushauri, maana sisi watu wa ustawi midomo inatuwasha, mtu hajamaliza sentensi ushamwambia "ungempeleka dawati la jinsia pale polisi". Mnauliza tu, na sio yale maswali ya mahakamani ya kwa nini hukufanya hivi. Mfano kesi ya matunzo ya mtoto, mwenzenu analalamika baba haji akiitwa, jeuri, wameshagombana mpaka kwenye simu, mtu anauliza taratibu tu, "hivi huwa unamwita saa ngapi?" Kumbe barua zote zinamtaka afike saa mbili asubuhi na jamaa anabeba mizigo sokoni, asubuhi ikimpita siku hiyo hali. Hakuna aliyemfundisha, kajiona mwenyewe.

Mkikwama fuateni mzunguko wa Gibbs wa 1988, yaani hatua sita za kutafakari jambo ulilopitia: ilikuwaje, ulijisikiaje, kipi kilienda vizuri na kipi vibaya, kwa nini ikawa vile, umejifunza nini, siku nyingine utafanyaje. Watu wanapenda kuruka hilo la kujisikia, lisirukwe, hasira na huruma zinaingia kwenye ripoti zetu bila wenyewe kujua.

Mwishoni mwenye kesi anataja kitu kimoja atakachobadilisha, anakiandika kwenye daftari lake, sio kwenye faili la mteja, na kikao kinachofuata kinaanzia hapo. Kwenye grupu la WhatsApp kisiende chochote tafadhali. Na mkisikia kwenye maelezo kwamba mtoto yuko hatarini sasa hivi, achaneni na kutafakari, hiyo ni ya bosi na polisi leo leo.