Dizeli imemwagika chini ya pampu: wape kuvu hewa wafanye kazi

Mahali inapokaa pampu ya umwagiliaji mara nyingi pana doa jeusi ambalo hata magugu yameligomea. Wengi hulimwagia maji. Ni kosa: dizeli haiyeyuki kwenye maji, inasukumwa chini tu, na kisima kikiwa jirani umeifungulia njia.

Wanaoimaliza ni vijidudu vya udongoni, wakiwemo kuvu. Wapo kuvu wa jamii ya Graphium wanaoweza kuishi kwa ethani, propani na butani. Hizo mbili za mwisho ndizo gesi ya mtungi wa kupikia. Kimeng'enya chao huchukua oksijeni ya hewani na kuipachika kwenye gesi, ikawa alkoholi, kisha asidi, hadi ikaishia kuwa chakula, maji na kabonidayoksaidi. Dizeli nayo kwa sehemu kubwa ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, ila mirefu zaidi, na wapo kuvu wanaoianza vivyo hivyo.

Bila oksijeni, basi, hatua ya kwanza haipo. Ndiyo maana kwenye udongo ulioshindiliwa na kulowa chepechepe mafuta hudumu sana.

Chimba udongo wote unaonuka, uutandaze juu ya turubai mahali palipoinuka, mbali na kisima. Changanya na mabua makavu yaliyokatwakatwa. Ukipata mifuko ya uyoga mamama iliyokwisha kuvunwa, yenye nyuzi nyeupe zilizo hai, ni bora zaidi. Ongeza samadi iliyooza, kwa kuwa mafuta yana kaboni tele lakini naitrojeni karibu hakuna. Tuta lisipite goti. Fumba konzi ya udongo: ushikamane bila kuchuruzika maji. Geuza kila baada ya wiki moja au mbili, na mvua ikija funika.

Ni kazi ya miezi. Harufu kupotea si kipimo, maana sehemu nyepesi huruka zenyewe. Panda maharage kwenye kopo la udongo huo na jingine la udongo safi, ulinganishe uotaji. Uyoga ukichomoza kwenye tuta usiliwe, na hata maharage yakiota vizuri udongo huo usirudi kwenye mboga. Upeleke kwenye miti ya mbao.

Oili chafu ya injini usiijaribu hivi. Ina metali kama zinki na risasi, na hizo hakuna kuvu anayezimaliza.

Pampu yenyewe iwekee sinia lenye mchanga chini, na ujaze mafuta kwa faneli.