SOMO: Kupanga kazi zako zote kwenye Palm mpaka kichwa chenyewe kikubali kupumzika

Habari zenu wakuu. Mi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, harusi, maulidi, arobaini, semina za maofisi, na kazi zangu zote nazipanga kwenye Palm. Kila nikiichomoa kwenye pochi watu wanauliza hiyo simu gani mbona haina laini, kwaio leo naandika lote kwa mpigo, atakayetaka achukue.

Kwa wasioijua, Palm ni kikompyuta cha kiganjani, ya kwanza ilitoka 1996 ikiitwa Pilot. Ina kalenda, namba za watu, orodha ya kazi na memo, unaandika kwa kijiti juu ya kioo. HP waliinunua kampuni 2010 na mwaka uliofuata wakaacha kutengeneza vifaa, kwaio ukiipata leo ni ya mtumba. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa m105 niliyoletewa na binamu yangu toka Muscat, sa hivi natumia Tungsten E2.

Kabla ya hatua, nieleze shida yenyewe. Nilikuwa na daftari la oda, nina meseji za wateja kwenye simu, nina vikaratasi kwenye droo ya viungo, na mengine nayabeba kichwani. Jumamosi moja nikakuta nimekubali harusi mbili, moja ipo kwenye daftari nyingine nilikubali kwa simu nikiwa sokoni. Nilipika zote mbili, nikaazima watu, ila mteja mmoja chakula kilimfikia wageni wameshaanza kuondoka na hakunirudia tena, na hilo mpaka leo linaniuma. Tatizo halikuwa kumbukumbu mbovu. Mambo yote yalikuwepo, ila yametawanyika sehemu nne, na kichwa kilikuwa kinajua sehemu nne sizipitii, kwaio kilikataa kuachia kitu, usiku nalala nahesabu masinia.

HATUA YA 1: Kifaa kiwe nawe kwanza, mengine baadaye

Jeff Hawkins aliyeibuni Palm, kabla ya kuitengeneza alichonga kibao cha mti cha kuenea mfuko wa shati akatembea nacho, mtu akimpangia kikao anakitoa anajifanya anaandika juu ya mti. Alikuwa anapima kama kweli atakichomoa. Na wewe jipime hivyohivyo. Wiki ya kwanza usipange chochote, ibebe tu, na kila jambo likikujia liandike hapohapo, hata ukiwa umeshika mwiko. Ukiona unasema ntaandika nikifika nyumbani basi kifaa kiko mbali nawe, kihamishe mfuko.

HATUA YA 2: Mwaga kichwa

Kaa saa mbili peke yako, andika kila kitu kinachokudai. Kulipa ada, kurudisha sufuria la jirani, kumpigia shangazi, jiko la gesi linavuja, ile ndoto ya kufungua mgahawa. Usichambue, mwaga tu. Mi nilipata mia na arobaini na kitu, mkono ukauma, ila usiku ule nililala. Halafu pitia droo, pochi, meseji, daftari la zamani, yote yahamie. Ukibakiza hata sehemu moja ya pembeni umebakiza wasiwasi wote.

HATUA YA 3: Makundi machache

Orodha ya kazi ya Palm inakuruhusu makundi 15 ya kwako, na jina la kundi halizidi herufi 15, watu wanayajaza yote siku ya kwanza ndo wanapotea. Mi ninayo sita: Simu, Sokoni, Jikoni, Nyumbani, Nasubiri, Siku Moja. Nimegawa kwa mahali nitakapokuwa au kwa kitu nitakachokuwa nimeshika, sio kwa umuhimu. Nikiwa sokoni nafungua Sokoni peke yake, sitaki kuona habari za shangazi.

Kundi la Nasubiri ndo lililobadilisha biashara yangu, naomba mlisome taratibu. Kila kitu ambacho mpira uko kwa mtu mwingine kinaingia humo, advansi ambayo mteja kaahidi, viti 200 vya kukodi, kijana aliyekwenda kunoa visu. Naandika jina la mtu, kitu, na tarehe ya siku tuliyoongea. Tarehe usiiandike kwa mkono, chora kwa kijiti ile alama ya mkato ya Palm (ShortCut) inayofanana na kitanzi halafu andika ds, tarehe ya leo inajiandika yenyewe. Ukimpigia mtu ukamwambia tuliongea tarehe 12 uliahidi Alhamisi, anajua unajua. Hakuna kugombana, hakuna kusema nilidhani.

HATUA YA 4: Andika hivi, sio vile

Hapa kuna jambo la sisi tunaoandika Kiswahili na sijaona mtu akilisema. Kile kitufe cha kutafuta cha Palm kinalinganisha mwanzo wa neno tu. Mwenzetu wa Kiingereza akiandika "call" akitafuta "call" anaipata. Sisi viambishi vyetu vinakaa mbele, ukiandika "nimpigie Mama Zuhura" halafu ukatafuta "piga" hupati kitu, ukitafuta "pigia" hupati pia, kwasababu neno linaanzia kwenye n. Nilidhani kifaa kimepoteza kazi zangu, kumbe ni mimi. Sa hivi kila mstari unaanza na kitenzi kikavu halafu jina: piga Mama Zuhura advansi, nunua iliki, rudisha masinia. Inapatikana, na pia ukiisoma ni kama unaamriwa, mwili unanyanyuka. Mstari ulioandikwa "gesi" peke yake utaupita wiki tatu bila kuugusa maana kila ukiusoma inabidi ufikirie upya gesi imefanyaje.

HATUA YA 5: Kalenda ni ya vitu vinavyokufa siku ikipita

Shughuli, miadi, mwisho wa kulipa. Basi. Usiweke "natamani Jumanne nioshe freza" kwenye kalenda, kwasababu Jumanne ikipita bila kuosha mara tatu, macho yanazoea kudharau kalenda, na siku yenye harusi kweli utaidharau pia.

Na saa jamani. Palm inahesabu kizungu. Mteja akaniambia nimletee vyakula vya kuonja saa nne, mi nikagusa 4:00 nikatulia kabisa, kengele ikalia saa kumi jioni, yeye kanisubiri asubuhi nzima. Siku hizi naweka 10:00 na kwenye maelezo naandika "saa 4 asb". Zote mbili. Nikiangalia jioni naona kama zinakubaliana, zisipokubaliana najua nimekosea kabla kengele haijanikosesha.

HATUA YA 6: Kuipitia, hapa ndo penyewe

Kama utaruka hatua zote usiruke hii. Kichwa chako hakiamini maandishi, kinaamini kwamba utayasoma. Mtoto ukimwambia nitakurudia ukarudi mara kumi, ya kumi na moja analala, na kichwa ni hivyohivyo.

Kila asubuhi dakika tano, kalenda ya leo na kesho. Na mara moja kwa wiki, mi ni Jumatatu kwasababu shughuli zangu ni wikiendi, nakaa na chai kama dakika arobaini hivi, napitia kundi moja moja. Nilichofanya natia tiki. Kilichokaa wiki tatu najiuliza kweli nitafanya? Kama sio nakihamishia Siku Moja au nafuta, kufuta sio dhambi. Nasubiri napigia wote mfululizo. Halafu kalenda naitazama wiki mbili nyuma na nne mbele, ya nyuma ni muhimu sana kwasababu shughuli iliyopita inaacha mikia, kuna chombo hakijarudi, kuna shukrani haijatumwa.

Wiki mbili tatu za mwanzo utaona kama unapoteza muda, mi iligeuka kama wiki ya tano hivi, nikashtuka nipo jikoni nakaanga vitunguu na siwazi chochote zaidi ya vitunguu.

HATUA YA 7: Nakala

Zile Palm za betri ndogo mbili kama m105, kila kitu kinakaa kwenye memori inayoishi kwa umeme, betri zikiisha kabisa vyote vinafutika, na ukibadilisha betri una kama dakika moja tu. Mi nilisahau kwenye droo mwezi wa Ramadhani, kuja kuwasha inaniuliza tarehe kama mpya. Kilichoniokoa ni nakala ya HotSync, ile programu ya kuhamisha vitu kati ya Palm na kompyuta, kwenye kompyuta ya mdogo wangu, japo ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. E2 ya 2005 haina shida hiyo, chaji ikiisha vitu vinabaki, na ina tundu la kadi ya SD. Nakala napiga Jumatatu hiyohiyo baada ya kupitia, ndo maana sisahau.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Arusha: Dada somo zuri ila lazima iwe Palm? Simu yangu ina notisi na kalenda.

Jibu: Sio lazima kaka, hatua zote hizo zinakwenda hata na daftari la mfukoni. Mi nimebaki na Palm kwa sababu moja, nikiifungua kuandika "nunua iliki" hakuna meseji ya mtu imenisubiri pale. Kwenye simu nafungua kuandika najikuta kwenye magrupu, nikirudi iliki nimeisahau. Kama wewe hujikuti huko, tumia simu, ila weka hiyo programu ukurasa wa kwanza iwe mguso mmoja.

Mdau wa Dar: Nimepata E2 ila kompyuta yangu Windows mpya haiioni kabisa kwa waya.

Jibu: Palm hawakuwahi kutoa draiva ya HotSync kwa USB ya Windows za 64-biti, usihangaike na waya. E2 ina Bluetooth, wengi wanapitia huko. Ukiwa na Linux kuna programu inaitwa J-Pilot inaisoma vizuri. Ukishindwa vyote tumia kadi ya SD na programu ya kubakapu, chukua kadi ndogo ya zamani ya 1GB, hizi kubwa za sasa inaweza kuzikataa.

Mdau wa Zanzibar: Naweza kuweka namba za siri za benki humo? Nimeona kuna sehemu ya kuficha.

Jibu: Hapana mpenzi. Ile ya kuficha inamzuia mtoto au mtu wa kuchungulia tu, mwenye ujuzi anaipita. Mi naficha bei ninazonunulia mchele kwa jumla, basi.

Mdau wa Mombasa: Kwani inafaa kununua kitu ya zamani hivyo saa hii?

Jibu: Ukiipata kwa bei ya chini na betri inakaa, ndiyo. Ujue tu mambo mawili, kalenda yake inaishia Desemba 2031, na betri ya ndani ya E2 ikichoka inabidi fundi aifungue. Zile za betri ndogo za dukani unabadilisha mwenyewe, lakini rudia hatua ya 7 kabla hujaifurahia.

Mdau wa Kisumu: Mimi nimejaribu hizi system mara tatu, kila mara after wiki mbili naachana nayo. Shida iko wapi?

Jibu: Ndugu yangu pole, na hauko peke yako. Uliacha kuipitia wiki moja, orodha ikachakaa, ukaona aibu kuifungua, si ndivyo? Safari hii usianze na makundi sita. Anza na Nasubiri tu. Andika leo watu wote wenye kitu chako, pesa, kitabu, ahadi, jibu la barua, na tarehe. Halafu chagua siku na saa moja kwa wiki uwapigie wote, iweke kwenye kalenda ijirudie na kengele, na kumbuka saa za kizungu. Hiyo orodha inakulipa mwenyewe maana vitu vinaanza kurudi. Fanya hivyo mwezi mzima ndo uongeze kundi la pili. Na ukiruka wiki, usianze upya na usifute, fungua palepale, kata vilivyokufa, piga simu ya kwanza.