Tangi la samaki wa Tanganyika halihitaji chumvi ya jikoni

Mtu akianza kufuga samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika au Nyasa, hachelewi kuambiwa atie kijiko cha chumvi kila anapobadilisha maji. Sababu anayopewa ni kwamba maji ya maziwa hayo ni magumu. Ni magumu kweli, ila si kwa chumvi ya kula.

Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9, ya Nyasa ni kati ya 7.7 na 8.6. Kinachoyaweka hapo ni bikaboneti, pamoja na magnesi, kalisi, sodiamu na potasiamu. Hata hivyo, madini yote yaliyoyeyuka katika lita moja ya Tanganyika hayafiki gramu moja, wakati lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Uvinza wamechemsha chumvi kwa karne nyingi, na Kigoma si mbali na hapo, lakini kuhe, samaki wa Tanganyika, hakuzoea maji ya Uvinza.

Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi tu. Haipandishi pH, wala haiongezi ugumu, maana ugumu ni kalisi na magnesi. Kama unatumia maji laini, ya mvua kwa mfano, weka makombe ya chaza yaliyosagwa au kokoto za mawe ya chokaa kwenye chujio. Huyeyuka polepole, na polepole ndiyo tunayoitaka: pH ikirushwa ghafla kwenye tangi lenye amonia inayotokana na taka za samaki, amonia hiyo huwa sumu kali zaidi. Kwa sababu hiyohiyo sishauri magadi ya kupikia maharage. Bonge moja halilingani nguvu na jingine.

Halafu kuna kosa ambalo halionekani. Maji hupungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Anayejazia maji na kuongeza kijiko kila wiki analimbikiza chumvi bila kujua, na majani ya mimea ndiyo huanza kuungua. Wanaotumia visima vya karibu na pwani, kama Dar es Salaam, huenda wana chumvi ya kutosha kabla hata hawajafungua pakiti.

Sasa, chumvi kama dawa ni habari nyingine. Tangi jipya likipanda nitriti, yaani sumu ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia, samaki huhema juujuu na matamvua hugeuka hudhurungi. Kloridi huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Gramu 15 hadi 20 kwa lita 100 kwa kawaida zinatosha. Zikoroge kwanza kwenye jagi, usizimwage juu ya samaki. Punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji, kwa sababu chumvi haiiondoi nitriti yenyewe.

Kwa ugonjwa wa madoa meupe, yale yanayofanana na punje za chumvi mwilini, fikisha gramu 2 kwa lita kwa awamu ndani ya siku mbili, pandisha joto hadi nyuzi 28 au 30, na uongeze hewa. Endelea siku 10 hadi 14 hata kama madoa yamekwisha: kimelea hufa pale tu kinapoogelea nje ya samaki. Mimea ihamishe kwanza. Pima kwa mizani, kwani kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani uzito. Madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya dukani, ambayo wengi wanayaogopa, hayana madhara kwa vipimo hivi.

Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, akivimba tumbo wengi humpa chumvi ya haluli. Hiyo ni magnesi na salfa, haina undugu na chumvi ya chakula, msizichanganye.

Matibabu yakiisha, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu, kwa maji yasiyotiwa chumvi, mara nne au tano.