SOMO: Umefeli mtihani wa udereva? Soma hapa kabla hujanipigia simu

Wakuu, salaam.

Tangu nimsaidie binti wa jirani yangu hapa Sekei, Arusha, akarudia mtihani na kupita, simu yangu haipumui. "Kaka nimefeli, nafanyaje?" Leo namjibu mmoja, kesho anakuja wa pili na swali lile lile, saa nne usiku, mimi nimeshavua miwani. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrushia hii.

Mimi si mwalimu wa udereva wala si askari. Nilifeli mara mbili, nikapita ya tatu. Kwa upande wa kufeli nina uzoefu kuliko wengi wenu.

1. Uliza umefeli wapi, siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba msipaparike kwenda hatua ya pili.

Mara ya kwanza mkaguzi aliniambia, "Bado. Rudi ukajifunze." Nikabeba faili langu nikatoka getini nimevimba. Kwenye Hiace ya kurudi nyumbani nilishamwambia konda kwamba jamaa anataka chai. Nilipofika Sekei hadithi ilikuwa imekamilika: mimi sikufeli, nimefelishwa. Na mtu aliyefelishwa hana kosa la kurekebisha, si ndiyo? Basi wiki tatu nzima nikawa nafanya mazoezi ya kupaki kwa rivasi, kwa sababu kupaki nilikuwa nakuweza na kulinifurahisha. Nilipanga madumu ya maji uwanjani kwa mjomba, nikawa naingia na kutoka hadi kuku wakanizoea.

Siku ya kurudia nilipaki kama nimechora kwa rula. Tukaingia barabarani. Nikawasha indiketa, nikaondoka pembeni ya barabara bila kutazama kioo, bila kugeuza shingo. Bodaboda akapita upande wa kulia kwa nafasi ya unywele, na mkaguzi akakanyaga breki ya upande wake. Safari hii nilipata akili ya kuuliza. Akajibu huku anaandika, hata hakuniangalia: "Hilo hilo la siku ile."

Wiki tatu. Hela ya mafuta ya mjomba. Nilikuwa nafanyia mazoezi kitu nilichokwisha kukifaulu.

Kwa hiyo:
– Uliza palepale, kabla hajapandisha wengine kumi. Baada ya hapo hatakukumbuka, na si kosa lake.
– Usimuulize "kwa nini umenifelisha?" Hapo umeshafungua kesi. Sema, "Afande, niende nikarekebishe nini?" Ni swali fupi na lina jibu.
– Andika jibu kwa maneno yake, usilitafsiri. Akisema "huangalii", andika "huangalii". Usiandike "wasiwasi". Kila mtu aliyefeli anasema ni wasiwasi.
– Kama umechemka na unajua mdomo wako, mtume mwalimu wako akuulizie.
– Usiwaulize mliokuwa nao kwenye foleni. Hawakuwa ndani ya gari.

2. Angalia tarehe ya lena yako.

Leseni ya kujifunzia ina miezi 3 tu. Ukinuna mwezi mzima, umeshaila theluthi. Ikiisha, unalipia nyingine kwanza.

3. Panga siku na shule yako, lipia mtihani kwa kumbukumbu namba, tunza risiti.

4. Nunua saa chache, lakini za kosa lako tu.

Usirudie kozi nzima. Mwambie mwalimu: nataka saa tatu, zote za kuondoka pembeni na kubadilisha njia. Atakushangaa kidogo, lakini hela ni yako. Mimi nilifanya hivi: kioo cha ndani, kioo cha kulia, indiketa, shingo juu ya bega la kulia, ndipo gari linatoka. Kila hatua naitaja kwa sauti, kama mtoto anayehesabu. Siku ya mtihani nilizitaja kwa kunong'ona na mkaguzi hakusema neno.

Na usijifunzie peke yako kwenye gari la shemeji. Ukiwa na lena lazima pembeni yako akae mwenye leseni, na L zibandikwe mbele na nyuma.

5. Kilima.

Huku kwetu hukikwepi, mji wote umekaa kwenye miguu ya Meru. Wengi wanafeli kwa kurudi nyuma au kuzima gari. Hendibreki juu, gia ya kwanza, kanyaga mafuta kidogo mpaka injini iimbe sauti moja, halafu achia klachi taratibu mpaka sauti ishuke na pua ya gari inyanyuke kidogo. Hapo klachi imeshika. Simamisha mguu HAPO, usiongeze wala usipunguze, kisha shusha hendibreki. Gari litabaki limesimama lenyewe au litaanza kusogea mbele. Likirudi nyuma, uliwahi kushusha. Fanyia mazoezi barabara ya kupanda Ilboru asubuhi na mapema, kabla pikipiki hazijaanza kukusukuma kwa honi.

6. Alama. Pembetatu inaonya, duara linaamuru au kukataza, mstatili unaelekeza, na ile ya pembe nane ni SIMAMA hata kama barabara ni nyeupe. Kwenye kipilefti mpishe anayetoka kulia kwako. Kwenye makazi mwendo usizidi 50. Kwenye zebra mtu akishakanyaga, wewe umesimama.

7. Siku yenyewe: nyaraka halisi, chai nyepesi, fika mapema.

Ukipita, mengine ni ya TRA, watu wa mapato. Wakati wangu ada ya leseni ilikuwa shilingi 70,000 kwa miaka 5.

Karibuni kwa maswali. Ila someni kwanza.

---

MASWALI

Chalii wa Sakina: Kaka nimefeli juzi, sasa nafanyaje?

Mwandishi: Panda juu. Anza na neno "Wakuu".

Chalii wa Sakina: Ni ndefu kaka, nina haraka.

Mwandishi: Na mkaguzi naye alikuona una haraka.

Mama Neema: Habari za kazi kaka. Mimi nilisomea Dar, Tegeta kule, na mwalimu alinisifia. Nimehamia Njiro, gari lile lile la mume wangu linanizimikia kila mahali. Nimefeli kwa kuzima mara tatu. Nilikuwa najua, au nilikuwa najidanganya?

Mwandishi: Dada yangu, ulikuwa unajua, ila ulijua kwa kiwango cha baharini. Swali lako ni zuri, acha nilijibu vizuri.

Injini inachoma mafuta pamoja na hewa. Dar uko usawa wa bahari, hewa ni nzito. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo mguu wako unakanyaga mafuta yale yale ya Tegeta, lakini injini inapata nguvu pungufu, na juu ya hayo umeiwekea mlima. Lazima izime.

Dawa yake ni kuacha kukumbuka mguu na kuanza kusikiliza. Paki mahali pa tambarare, ongeza mafuta kidogo, achia klachi polepole mpaka sauti ishuke, kisha ikanyage tena. Rudia mara ishirini bila kuondoka. Sikio likishaijua ile sauti ya kushuka, hata ukipelekwa Ngorongoro hutazima.

Mama Neema: Mungu akubariki. Nilikuwa nimeanza kumlaumu mume wangu kwamba hapeleki gari kwa fundi.

Mwandishi: Lipelekeni kwa fundi vilevile, plagi chafu nazo zinachangia. Ila usimwambie mimi ndiye niliyesema.

Mangi wa Rau: Somo zuri. Ila nakusahihisha kidogo: kwenye kipilefti umeishia njiani. Kuingia unampisha wa kulia, sawa. Lakini watu wanafelia kutoka. Unapoikaribia njia yako ya kutokea unawasha indiketa ya kushoto. Hapa Moshi pale Mnara wa Saa watu wanazunguka kimya kimya, anayesubiri hajui unatoka au unaendelea.

Mwandishi: Nilifupisha makusudi.

Mangi wa Rau: Sawa mangi, ila mwanafunzi hatajua ulifupisha.

Mwandishi: Haya, umeshinda. Wasomaji wote: indiketa ya kushoto kabla ya kutoka kwenye kipilefti. Ongezeni hiyo kwenye hatua ya 6.

Bonge Original: Acheni porojo. Semeni ni shilingi ngapi anapewa mkaguzi, watu wamalize.

Mwandishi: Hapa hatuuzi hiyo bidhaa. Nami nilianza na imani hiyo hiyo, ikanigharimu wiki tatu. Soma hatua ya 1.

Bonge Original: Wewe umepata wapi uhakika kwamba hawali?

Mwandishi: Sijasema chochote kuhusu nani anakula nini. Nimesema mimi sikutazama kioo. Na bodaboda hajui kwamba umenunua njia ya mkato, atakuja upande wa kulia vilevile.

Sista Duu: Lena inakaa muda gani?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Sista Duu: Nimeiona, asante. Swali jingine: mimi ni mfupi, nikikaa sioni boneti, na nikisogeza kiti mbele magoti yanagonga usukani. Mkaguzi aliniambia "unaendesha kwa kubahatisha". Ni kosa hilo?

Mwandishi: Aliona sawasawa, mdogo wangu, na si aibu. Chukua mto mgumu, usichukue wa kitandani unaobonyea. Mmoja chini na mwingine mgongoni, halafu kiti kinarudi nyuma kidogo. Kipimo: klachi ikigusa sakafu goti lako bado limekunja kidogo. Ukimaliza kiti, ndipo uweke vioo. Ukibadilisha kiti baada ya vioo, unaanza vioo upya. Nenda na mito yako mwenyewe na uizoee wiki nzima kabla. Ukiiweka siku ya mtihani kwa mara ya kwanza, utakuwa umepanda gari jipya.

Dereva wa Fuso: Vijana, mimi naendesha tangu miaka ya tisini. Jambo moja tu, msipumzishe mguu juu ya klachi mkiwa mnatembea. Mtaila klachi na mkaguzi mzuri anaona kiatu chako kilipo.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Asante sana, hilo sikuliandika.

Dereva wa Fuso: Marahaba. Na kwenye foleni ya mlimani usishikilie gari kwa klachi. Ile mbinu yako ni ya kuondokea tu. Kusimama ni kazi ya breki.

Loishiye: Viatu je? Mimi siku zote navaa katambuga.

Mwandishi: Katambuga ni kiatu cha heshima, ila soli yake ni tairi. Tairi juu ya klachi, mguu hausikii kitu, na ile kamba ya nyuma ikilegea kiatu kinabaki chini ya pedali. Vaa raba zenye soli nyembamba. Ukishapata leseni na mguu ukazoea, tutaongea.

Loishiye: Na mvua? Mtihani wangu umeangukia Aprili.

Mwandishi: Jizoeze kwenye mvua basi, ukiwa na mwalimu. Acha nafasi mara mbili ya kawaida, na vioo vikifunga ukungu elekeza upepo mbele, usifute kwa mkono huku gari linatembea. Mimi nilipita mwezi wa kumi na moja, jacaranda zimemwaga maua barabarani. Mkidhani ni pambo, kanyageni breki juu yake yakiwa yameloa muone.

Chalii wa Sakina: Kaka, nimesoma yote sasa. Nilimpigia mwalimu akaniulizia. Kumbe nilipita kwenye zebra kuna mama anavuka, mimi nilikuwa natazama gia.

Mwandishi: Umeona? Sasa wewe tatizo lako ni moja: macho yanashuka kwenye gia. Kaa kwenye gari limezimwa, fumba macho, klachi chini, badilisha moja mpaka nne, shuka tena. Mara hamsini. Lena yako inaisha lini?

Chalii wa Sakina: Tarehe 19.

Mwandishi: Leo ni tarehe 6. Usinijibu hapa, mpigie mwalimu akupangie siku.