Mashine ya Kufulia Inapokataa Kumwaga Maji

Programu imefika mwisho, mlango umejifunga, na nyuma ya kioo maji ya kijivu yamesimama juu ya nguo. Hapa Kampala jambo la kwanza kwa wengi wetu ni kumpigia fundi simu, na mafundi wasio na subira hutamka kwamba pampu imekufa hata kabla hawajainama kuitazama. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa pampu mpya kwa njia hiyo, kisha siku chache baadaye, nilipoichokonoa ile ya zamani kwa udadisi tu, nikakuta sarafu ya shilingi 200 imejibana kwenye pangaboi lake. Sarafu ilipotoka, pampu ikazunguka. Tangu hapo pampu ndiyo ninayoishuku mwisho, na mwongozo huu umefuata utaratibu huo.

Kwanza hakikisha kwamba mashine imeharibika kweli. Umeme ukikatika, au yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha katikati ya kufua, maji hubaki ndani, na si kila mashine huendelea pale ilipoishia umeme unaporudi. Chagua programu ya kumwaga maji na kukamua peke yake, kisha usubiri. Ikishindwa, huenda ikaonyesha alama: OE kwa mashine za LG, 5E au 5C kwa Samsung, E18 kwa Bosch nyingi. Alama hizi zinasema jambo moja tu, kwamba maji hayakutoka katika muda uliotarajiwa. Hazisemi ni kwa sababu gani.

Kabla ya kushika chochote, chomoa plagi ukutani, kwa kuwa kuzima kitufe hakutoshi pale penye maji na umeme wa volti 240. Funga bomba la maji yanayoingia, na kama ulifua kwa joto la nyuzi 60, acha maji yapoe. Andaa beseni pana lisilo na kina, ndoo, na matambara ya kutosha, kwa sababu ndani ya mashine iliyogoma mara nyingi mna lita 10 au zaidi.

Sasa fanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, linaokoa pesa kuliko mengine yote. Chomoa mpira wa maji machafu kutoka kwenye bomba la ukutani, uufungue kutoka kwenye vishikizo vyake nyuma ya mashine, kisha uushushe mwisho wake hadi ndani ya beseni lililo sakafuni. Ukiona maji yanatiririka yenyewe, basi njia nzima kutoka kwenye pipa hadi mwisho wa mpira iko wazi. Yasipotoka, au yakidondoka kama machozi, kuna kitu kimeziba kwenye filta, kwenye pampu au ndani ya mpira wenyewe.

Tuseme yametiririka. Inua mpira tena, uuelekeze ndani ya sinki au ndoo iliyowekwa juu ya stuli, rudisha plagi na uiamuru mashine imwage maji. Ikiyasukuma kwa nguvu, mashine haina kosa. Kosa liko kwenye bomba la nyumba. Nyumba zetu nyingi hutegemea tangi la maji taka na shimo la kunyonya, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ardhi ya mabondeni hujaa maji kiasi kwamba shimo halinyonyi tena. Hapo hata pampu mpya itasukuma bure. Angalia pia kimo cha mpira: mashine nyingi zinazofunguliwa mbele huhitaji mwisho wake uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Usiuzamishe sana ndani ya bomba la ukutani wala kuuzungushia utepe usiopitisha hewa. Mpira ulio chini mno au uliozibwa hivyo huleta tatizo la kinyume, yaani maji kujivuta nje yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza bila kikomo.

Ikiwa maji hayakutiririka, nenda kwenye filta. Iko nyuma ya kijimlango kidogo chini mbele ya mashine, kwa kawaida upande wa kulia. Baadhi ya mashine zina kijimpira chembamba pembeni yake cha kutolea maji ya dharura. Kitumie kwanza, kwani bila hicho utalazimika kufungua filta nusu mzunguko, kuacha beseni lijae, kufunga, kumwaga, na kurudia mara nyingi. Ukishaitoa, usishangae utakachokikuta: vifungo, pini, waya wa sidiria, soksi ya mtoto, na tope laini jekundu, ambalo ni vumbi la barabara zetu za murram lililoganda pamoja na nyuzi za nguo na sabuni. Tope hilo ndilo linalodharauliwa zaidi, kwa maana sarafu huonekana mara moja lakini tope hujijenga polepole kwa miezi. Osha filta kwa mswaki wa zamani, kisha umulike tochi ndani ya tundu. Mwishoni utaona pangaboi la pampu. Lisukume kwa kijiti cha mbao: likizunguka kwa kukwamakwama kidogo, kana kwamba linashikwa na kuachiliwa, ni sawa, kwa sababu ndani yake mna sumaku. Likizunguka ovyo na kuyumba, limekatika. Lisipozunguka kabisa, tafuta uzi au unywele uliojiviringisha kwenye shina lake.

Filta ikiwa safi na maji bado hayapiti, toa mpira wote na uupitishie maji ya bomba la uani, kisha ukague mpira mfupi mnene unaounganisha pipa na pampu, maana soksi hupenda kulala humo.

Sababu nyingine iko kwenye pakiti ya sabuni. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, na pampu iliyoundwa kusukuma maji hushindwa kusukuma povu. Ukiona povu limejaa kioo, usifungue kitu; acha mashine itulie kwa nusu saa, kisha suuza bila sabuni.

Pampu yenyewe ishukiwe sasa. Sikiliza wakati wa kumwaga maji. Ikivuma bila kusukuma, imekwama au pangaboi lake limekatika. Ikikaa kimya kabisa, kagua kiunganishi cha waya wake, kisha, plagi ikiwa imechomolewa, upime koili kwa kipimaumeme. Pampu nyingi za namna hii huonyesha takribani omu 100 hadi 200, na kipimo kisichosoma chochote kinamaanisha koili imekatika. Kipimo kikiwa kizuri na pampu bado kimya, tatizo huenda liko kwenye bodi ya umeme, na hapo fundi anastahili malipo yake.

Hayo yote hayahusu mashine ya vyumba viwili, kimoja cha kufulia na kingine cha kukamulia, ambayo imeenea kwetu kwa bei yake. Nyingi za aina hiyo hazina pampu. Maji hushuka kwa uzito wake. Kwa hiyo mpira wake lazima ulale chini, usipandishwe kizingiti wala kutundikwa kwenye sinki. Ukizungusha kitasa cha kumwaga maji, utepe au waya ulio ndani huinua kizibo cha mpira kilicho chini ya pipa. Kitasa kikizunguka kilegevu bila uzito wowote, utepe umechomoka au umekatika. Kikiwa na uzito wa kawaida na maji hayashuki, fungua kifuniko cha kizibo hicho utoe nyuzi zilizonasa.

Baada ya marekebisho, kaza filta hadi mwisho, tandaza gazeti kavu chini yake, na uendeshe suuzo moja bila nguo. Maji yanapaswa kwisha katika dakika mbili au tatu, na gazeti libaki kavu. Likilowa, fungua filta tena na utazame kipete chake cha mpira: chembe moja ya mchanga iliyobaki hapo inatosha kuvujisha.